Nchi ya Nusura na Mtu Asiyejibu

Hii ni habari ya aibu, na aibu yenyewe ni ya mtu mzima. Anayetaka kucheka acheke mapema, kabla hatujafika pale kicheko kinapokwama kooni.

Palikuwa na mchora katuni wa Keko, Dar es Salaam, jina lake Kondo Mwinyimvua. Mwembamba, mdomo haupoi, mtu ambaye hata msibani utakuta watu wanne wamekaa naye pembeni wakiuma vidole wasije wakacheka. Maisha yalikuwa yamemchapa vya kutosha. Alishafukuzwa chuo cha ualimu, alishauza maji ya kunywa stendi, alishalala rumande siku mbili kwa kumchora mtu mkubwa mwenye shingo ndefu kuliko aliyopewa na Mungu. Kila kipigo alikigeuza mzaha, na mzaha ukamlisha. Kwa miaka tisa alikuwa akichora hadithi ya picha katika gazeti moja la kila wiki: kijana asiye na mbele wala nyuma, na wanawake watano wanaomgombania. Kila wiki kijana anakaribia kusema anampenda nani. Kila wiki linatokea jambo, ananyamaza. Wasomaji wakatukana, wakanunua tena.

Mtu mmoja tu hakuwa anacheka naye. Huyo ni Siwema, mwenye mashine ya kusaga nafaka, jirani yake wa tangu zamani. "Kondo," alimwambia siku moja, "mzaha wako ni mlango wa nyuma. Mtu akibisha mbele, wewe ushatokea huko." Kondo akacheka, akatokea huko huko. Mwaka katuni ilipoanza, Siwema alikuwa amemwuliza swali moja la mtu mzima kwa mtu mzima, nalo lilijibiwa "tutaongea." Hilo tuliache hapo, tutalikuta mbele.

Alifikaje Nusura? Tusipotezeane muda. Alipanda kilichompeleka, akashuka kilipomshusha, na asubuhi moja akajikuta kwenye foleni mbele ya lango jeupe la nchi asiyoijua. Mbele yake alisimama mwanamke mrefu, mkoba begani, viatu vya mpira miguuni. Afisa wa lango hakumtazama usoni. Alitazama daftari.

"Tabia?"

"Samahani?"

"Tabia yako, dada. Tuandike."

"Ninazo nyingi. Inategemea nimeamkaje."

"Hapa mwanamke ana moja. Kuna Mkali, kuna Mwenye Haya, kuna Tajiri, kuna Dada Mkubwa, kuna Rafiki wa Tangu Utotoni. Ipi?"

"Mimi ni daktari wa mifugo. Niliambiwa huku kuna ng'ombe wanaumwa."

"Udaktari si tabia, na ng'ombe hatuna. Nakuandikia Mkali."

"Huniandikii ukali wewe! Nani kakwambia mimi mkali?"

Afisa akagonga mhuri. "Mnamwona? Huwa sikosei."

Yule daktari akaingizwa chumba kidogo cha pembeni. Alipotoka, nywele zake zilikuwa nyekundu kama pilipili iliyoiva, na uso haukuwa ule alioingia nao. Ulikuwa uso wa yule mwanamke aliyekuwa akifagia nyuma ya lango, na wa yule aliyekuwa akichota maji kando yake.

"Sare," afisa akamweleza Kondo. "Uso mmoja kwa wanawake wote. Nywele ndizo zinazowatofautisha. Inawarahisishia watazamaji."

Kondo akacheka hadi akashika ukuta. Jambo hilo alilijua kuliko afisa. Yeye mwenyewe alikuwa na uso mmoja tu wa kike mkononi mwake, na kwa miaka tisa alikuwa akiubadilisha nywele: mmoja mabutu, mmoja twende kilioni, mmoja rasta, mmoja nywele za dawa, mmoja kilemba basi. Kazi inakwenda haraka, na hakuna msomaji aliyewahi kulalamika. Alicheka, lakini ule uso wa sare ulimsumbua, kama jina la mtu unayemfahamu linapogoma kuja.

"Na wanaume mnawapa nini?"

"Mwanamume tunaye mmoja. Waliobaki ni watazamaji. Wewe ni Mgeni, na Mgeni ana kura. Kura za Baraza zikilingana, yake ndiyo inayoamua." Afisa akafunga daftari. "Wala usijisumbue. Hazijawahi kulingana."

Wakampangia chumba katika Nyumba ya Kusubiri, jengo la ghorofa moja lenye korido ndefu inayong'aa. Ndani ya nyumba hiyo aliishi huyo mwanamume mmoja, jina lake Wastani, pamoja na wanawake wanne waliokuwa wakimsubiri, na wa tano akiwa ndiye huyu daktari wa mifugo aliyeletwa leo. Desturi ya Nusura ni kwamba watazamaji wakianza kupiga miayo, mwanamke mpya anaongezwa.

Wastani alikuwa na miaka ishirini na sita. Nywele zilimfunika macho, na sheria ilimkataza kuzipunguza. Sheria ilimkataza pia kuwa na kazi, chakula anachokipenda, na maoni. Kondo alikula naye chakula cha mchana akajaribu kumchokonoa.

"Bwana Wastani, unapenda wali au ugali?"

"Vyovyote."

"Mpira unashabikia timu gani?"

"Zote zinajitahidi."

"Ukikanyagwa kidole kwenye foleni, unasema nini?"

Wastani akafikiri muda mrefu. "Samahani?"

Hakuwa mtu mbaya. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa, maana mtu mbaya ungemshika mahali. Huyu ulikuwa unamshika kama unavyoshika uji.

Mwanamke wa kwanza kuzungumza na Kondo alikuwa ameinama barazani, chaki mkononi, akichora sakafuni. Nywele zake za buluu zilimtambulisha: Rafiki wa Tangu Utotoni. Kwa sheria za Nusura huyo ndiye anayempenda Wastani kabla ya wengine wote, ndiye anayempikia, na ndiye ambaye kila mtu anajua hatachaguliwa. Jina lake Mwatumu. Alichokuwa akichora ni daraja.

"Mimi ni fundi wa madaraja, kaka," alisema bila kuinua kichwa. "Kuna watu wa mto wa juu wananingoja niwajengee. Wamengoja sana. Wameleta salamu kwamba mwaka huu ndio wa mwisho, wakinikosa wanatafuta fundi mwingine."

"Sasa si uende?"

Akamtazama kama unavyomtazama mtu aliyeuliza kwa nini samaki hapandi ngazi. "Lango haliniruhusu. Wataniuliza, 'Umejibiwa?' Nikisema bado, narudishwa. Sheria inasema mwanamke aliyeuliza hatoki mpaka ajibiwe."

"Basi mwulize huyo bwana."

"Nimemwuliza mara kumi na tisa."

Akamweleza. Kalenda ya Nusura ina mwaka mmoja tu, Mwaka wa Kwanza. Siku ya mwisho, saa sita mchana, kalenda huondolewa msumarini ikatundikwa upya kuanzia ukurasa wa kwanza, na maswali yote ambayo hayajajibiwa yanafutwa. Kila mtu anatakiwa kujifanya ndiyo kwanza wanaonana. Wastani ana miaka ishirini na sita kwa mara ya kumi na tisa. Na kila Mwatumu anapofika kwenye lile neno lenyewe, Mkatizaji Mkuu anapuliza tarumbeta, au bakuli linaanguka, au mbwa anapita na kiatu cha mtu.

"Safari hii zimebaki siku tatu," alisema. "Na sitaki anipende, unanielewa? Zamani nilitaka. Sasa nataka anijibu. Hata akisema hapana, hapana ni ruhusa. Nitapita nayo langoni nimeishika mkononi kama tiketi."

Alipojipangusa jasho kwa mkono wenye chaki, Kondo aliona kovu dogo limeikata nyusi yake ya kushoto. Akamtazama yule Mwenye Haya aliyepita na ndoo: nyusi ya kushoto, kovu. Dada Mkubwa dirishani: kovu. Lile jina lililokuwa likigoma likaja lenyewe. Siwema alijigonga kwenye bomba la maji la kwao akiwa mdogo, akapasuka hapo hapo. Kondo alikuwa akilichora kovu hilo kwa miaka tisa, kila mwanamke, kila wiki, bila kujiuliza mkono wake umelitoa wapi.

"Umeona nini?" Mwatumu aliuliza kwa uso wa Siwema.

"Hakuna," alisema Kondo. "Nimekumbuka nimeacha kuku jikoni." Ule mlango wa nyuma.

Kesho yake alipelekwa kutazama ofisi za nchi, kama ilivyo heshima kwa wageni. Iliyomkaa moyoni ni Idara ya Utelezi. Watu sita wenye vitambaa walikuwa wakipaka nta korido ya Nyumba ya Kusubiri, ili Wastani apitapo ateleze amwangukie mwanamke yeyote aliye karibu, mara tatu kwa wiki. Akishaanguka, yule aliyeangukiwa anapiga kelele, watazamaji wanacheka, na karani anaandika: *Amekasirika kwa kupendeza.*

"Na huyo mwanamke akishtaki?" Kondo aliuliza.

Mkuu wa Idara akashangaa. "Ashtaki nini? Ni bahati mbaya." Akageukia vijana wake. "Ongezeni nta pale mlango wa bafu!"

"Mimi nimeangukiwa mara nyingi kuliko siku za kalenda," Mwatumu alimwambia jioni, akiosha vyombo. "Hajatokea mtu hata mmoja akaniuliza kama mgongo unauma. Unauma, kaka."

Kondo alikuwa amechora mianguko hiyo. Alikuwa nayo ya ngazi, ya kivuko cha mitaro, ya ndizi, na wasomaji walikuwa wakimwandikia waziwazi wakiomba nyingine. Alichukua sahani ili amsaidie Mwatumu, akaiosha ile ile mara tatu.

Siku iliyofuata Baraza likakaa. Hoja iliyoletwa na mjumbe mmoja bibi wa makamo ilikuwa fupi: kwamba Wastani alazimishwe kujibu. Ukumbi ulijaa bendera za rangi tano, maana kila mtazamaji wa Nusura ana mwanamke wake anayemshabikia, na wa bendera nyekundu na wa bendera ya buluu hawapeani hata mikono.

Akasimama mwakilishi wa waoka mikate. "Mheshimiwa Spika, tunaoka maandazi ya rangi tano. Kijana akimchagua mmoja, haya manne tutamlisha nani? Na Alhamisi watu wakija kununua watazungumza nini?"

Makofi.

"Nina swali dogo," alisema yule bibi. "Huyu kijana anapendwa kwa lipi?"

Wajumbe wakatazamana. Pakapita minong'ono, karatasi zikapitishwa. Hatimaye Spika akasoma: "Ni mwema."

"Wema gani?"

"Alimfunika paka kwa mwavuli, mvua ikinyesha."

"Lini?"

"Mwaka wa Kwanza."

"Mwaka wa Kwanza ndio huu."

"Naam, Mheshimiwa. Humfunika kila mwaka. Paka ni yule yule."

"Na hao wanawake, ukiacha kumpenda yeye, wanafanya nini? Yupo fundi wa madaraja pale. Yupo daktari. Miaka yote hii sijawasikia wawili kati yao wakizungumza jambo lisilo Wastani."

"Sheria hairuhusu," alisema Spika kwa upole. "Wakianza mambo mengine, tutajuaje kwamba wanasubiri?"

Ndipo akasimama Bwana Mabruki, Mkatizaji Mkuu, tarumbeta lake la shaba kiunoni, mtu mwenye mashavu mapana na sauti ya kubembeleza. "Ndugu zangu, tusiwe na roho ngumu. Kijana wetu hachagui kwa sababu hataki kumuumiza mtu. Asipochagua, hakuna anayeumia. Hivi kuna wema kuushinda huo?"

Ukumbi mzima ukainuka kwa makofi. Kondo hakuinuka. Maneno yale, *sitaki kumuumiza mtu*, aliyafahamu mpangilio wake, aliyafahamu hata pumzi ya katikati. Aliyasema mwenyewe, amesimama mlangoni kwa Siwema, mwaka wa pili wa kusubiri kwake, na akaondoka akijiona muungwana.

Kura zikapigwa. Ishirini wakasema ajibu, ishirini wakasema asijibu. Spika akahesabu tena, akavua miwani.

"Haijawahi kutokea," alisema. "Mgeni, kura ni yako."

Watu wote wakageuka. Juu kabisa, kwenye jukwaa la wanawake, Mwatumu alikuwa amesimama ameshika ukingo kwa mikono miwili. Kondo akafungua mdomo. Alijua la kusema, lilikuwa neno moja. Lakini aliona bendera, aliona mashavu ya Mabruki, aliona watu wanaongoja kufurahishwa, na mazoea ya miaka yakamshika ulimi.

"Waheshimiwa," alisema, "mimi nimekuja juzi tu, hata choo cha wageni sijakijua vizuri. Mkinipa niamue ndoa za watu, mke wangu wa baadaye atanikataa mapema. Tuone wiki ijayo!"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Mtu akampiga mgongoni. Spika akaandika: *Hoja imeahirishwa.* Wiki ijayo kalenda itakuwa imeshatundikwa upya. Kondo alikuwa bado anatabasamu alipoinua macho jukwaani, na Mwatumu hakuwa amekasirika. Hilo ndilo lililomvunja. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari aliyokwisha kuijua.

Akamkuta barazani akifuta daraja lake kwa tambara lenye maji.

"Dada Mwatumu, nilikuwa natania."

"Nimesikia. Kila mtu amesikia."

"Sikujua itakuwa—"

"Ulijua." Hakupandisha sauti. "Wastani hajui, huyo kafundishwa kutojua. Wewe ulijua, ukatazama huku na huku, ukachagua kupigiwa makofi. Kaka, wewe umeshawahi kuulizwa jambo kama hili na mtu. Naona usoni mwako. Mtu huyo yuko wapi?"

Kondo akatafuta mzaha. Alitafuta kila mfuko. Hakuna.

"Anasaga mahindi," alisema mwishoni, na aibu ikampanda toka miguuni kama homa.

Mwatumu akakamua tambara. "Kesho nitauliza kwa mara ya ishirini. Tarumbeta litapulizwa. Nitauliza tu, nisije nikajilaumu."

Sasa, Kondo hakuwa shujaa, na tusimpe sifa za bure. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu moja ya kuchapwa. Utotoni, katika harusi moja ya Keko, alisimama mbele ya kundi la beni akalamba ndimu yenye chumvi huku akimkazia macho mpiga tarumbeta. Midomo ya yule bwana ikajaa mate, tarumbeta likakoroma kama karo lililoziba, bibi harusi akalia, na Kondo akachapwa na koo zote mbili, wa bwana na wa bibi.

Siku ya mwisho ya mwaka, watu wote wa Nusura walikusanyika uwanjani na bendera zao. Jua lilikuwa linakaribia utosi. Kalenda ilikuwa juu ya mti mrefu, na fundi wa kuitundika alishapanda ngazi. Wastani aliketi kwenye kiti katikati, na wanawake watano wamepangwa kwa rangi.

Mwatumu akapiga hatua mbele. "Wastani. Nina swali."

Bwana Mabruki akainua tarumbeta. Akajaza mashavu. Ndipo akamwona Mgeni amesimama hatua mbili mbele yake, nusu ndimu mkononi, chumvi inang'aa juu yake. Kondo akailamba taratibu, kuanzia chini kwenda juu, akafumba jicho moja, akakunja uso mzima, akafyonza kwa sauti iliyosikika hadi safu ya nne.

Mabruki akapuliza. Pakatoka *prrff* na mate.

"Acha!" alisema Mabruki. "Wewe bwana, acha hiyo!" Akameza, akapangusa midomo, akapuliza tena. Tarumbeta likatiririka. Akamgeuzia Kondo mgongo, Kondo akamzunguka. Machozi yanamtoka, ulimi umekufa ganzi, anafyonza tu. Hakuna aliyecheka. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, uwanja wa Nusura ulikuwa kimya.

"Wastani," alisema Mwatumu katika ukimya huo, "nilikupenda. Je, wewe unanipenda?"

"Eeh?" alisema Wastani. "Umesemaje? Sijasikia vizuri, upepo."

"Hakuna upepo. Unanipenda?"

Wastani akamtazama Mabruki. Mabruki alikuwa ameinama anatema. Akatazama mbwa. Mbwa alikuwa amelala. "Mimi sitaki kumuumiza mtu," alisema.

"Hilo si jibu. Hilo ni blanketi unalojifunika."

Fundi wa kalenda akaweka mkono kwenye msumari. Wastani akapandisha zile nywele zake kwa kiganja, na watu wakaona kwamba ana macho, macho ya kawaida kabisa, na kwamba ameogopa.

"Hapana," alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akairudia, safari hii kwa sauti ya mtu. "Hapana, Mwatumu. Nilijua zamani. Nilikaa kimya kwa sababu nikisema, hutanipikia tena."

Watu wakangoja mbingu ianguke. Haikuanguka. Mwatumu alivuta pumzi ndefu, akaitoa, mabega yakashuka kama ya mtu aliyetua gunia. Alilia kidogo, hilo lisemwe. Kisha akaenda kuchukua begi lake.

Nyuma yake yule daktari wa mifugo akasogea mbele ya kiti. "Mimi nina siku tatu tu hapa, na swali sijauliza, lakini nijibu hivyo hivyo niende zangu." Na nyuma yake Dada Mkubwa, na Tajiri, na Mwenye Haya, wamepanga foleni, wanazungumza wao kwa wao. Wa kwanza kumwuliza mwenzake jambo lisilo Wastani alikuwa Mwenye Haya. "Ng'ombe anaumwa nini mara nyingi?" alimwuliza daktari. Daktari akaanza kueleza, na hakumaliza upesi.

Langoni afisa alifungua daftari. "Umejibiwa?"

"Nimejibiwa."

Akapita. Kondo alikuwa nyuma yake, midomo imechubuka kwa ndimu, akitumaini neno la shukrani. Mwatumu akageuka mara moja.

"Umenisaidia leo," alisema. "Jana ungeweza kwa neno moja, bila kunizungushia vituko. Hayo yote mawili nitayakumbuka." Akafuata njia ya mto wa juu, na uso wa sare ukambanduka kidogo kidogo kadiri alivyokwenda, hata Kondo asijue ule wa chini ulikuwaje, maana hakugeuka tena.

Kurudi kwa Kondo kulikuwa kama kwenda kwake: tusipotezeane muda. Saa nne asubuhi alikuwa Keko, mlangoni pa mashine ya kusaga. Watu saba kwenye foleni na ndoo zao za mahindi. Siwema alikuwa ndani, kitambaa kichwani, unga kwenye nyusi, isipokuwa pale kwenye kovu, ambapo unga hushika vibaya. Mashine ilikuwa inanguruma hata bati likatetemeka.

"Siwema!" Kondo aliita.

"Eeh?"

"Nimekuja kukujibu!"

"Sisikii! Sema nini?"

Hapo ilikuwa rahisi sana. Angeweza kulisema lile neno ndani ya ngurumo, akajihesabu amelisema, akaondoka. Hata "basi, nitarudi baadaye" ilikuwa imeshafika ulimini, ikiwa na ladha ya ndimu. Akanyoosha mkono, akamwonyesha swichi.

Siwema akamtazama kitambo. Akazima mashine. Foleni ikanung'unika, kisha ikanyamaza, maana watu wa Keko wanajua pa kunyamaza wasije wakakosa.

"Ulichoniuliza mwaka ule," alisema Kondo mbele ya watu saba na ndoo saba. "Jibu ni hapana. Lilikuwa hapana tangu siku ile. Nililificha kwa sababu nilipenda kusubiriwa."

Mtu mmoja kwenye foleni akasema "Mh." Siwema akajifuta mikono kwenye kanga, kidole kwa kidole.

"Nilijua," alisema. "Nilishaacha kukungoja, Kondo, usijipe ukubwa. Lakini kujua peke yako ni jambo moja, na kuambiwa ni jambo jingine. Miaka tisa kwa neno ambalo hata mtoto wa chekechea analiweza." "Nina ombi moja tu."

"Sema lolote."

"Uso wangu uuache. Ulidhani sikuona? Mtaa mzima wananiita kwa majina ya wanawake wako watano. Nikiteleza kwenye tope wanacheka, wanasema hiyo ni ya wiki ijayo. Hili kovu nililipata kwenye bomba la kwetu, nikashonwa nikilia. Hukuniomba."

"Siwema, mimi..."

Akangoja kidogo aone kama kuna kitakachofuata. Kisha akawasha mashine.

Wiki hiyo Kondo alikaa kwenye meza yake akijaribu kuchora uso mwingine wa kike. Alijaza karatasi kumi na mbili. Kila mara mkono ulipofika kwenye nyusi ya kushoto ulitaka kukata, akafuta, ukataka tena. Mwishowe akachora ukurasa wa kuimalizia hadithi bila kumwuliza mhariri. Kijana amesimama, nywele kazipandisha, amesema hapana. Mbele yake kuna mto, juu ya mto kuna daraja ambalo halijakamilika, na mwanamke anakwenda kulimalizia, kachorwa kwa mgongo.

Barua zikaja kwa mafungu. Wasomaji walilalamika kwamba imekwisha vibaya, kwamba wa kilemba ndiye aliyestahili, kwamba angalau wangeonyeshwa uso wake alipokuwa anaondoka. Mhariri akamwita, akazimwaga mezani, akamwambia atoe maelezo hata mistari miwili, kitu cha kuchekesha, watu wapoe. Kondo akashika kalamu. Mdomo wake usiopoa ukafunguka, ukafungwa, na nafasi ya maelezo yale kwenye gazeti ikatoka nyeupe.